Nilitaka Spitfire, Babu Akaniuliza Swali Moja

Wadau, wacha niseme ukweli mapema kabla hamjanichoma. Nina miaka 24, nyumbani ni Ganze, upande wa kuelekea Bamba, na nilikaa miezi kumi na moja nikiweka pesa kidogo kidogo mpaka zikafika shilingi 68,000. Za nini? Za kununua ndege ya kuchezea.

Sio drone. Drone kila mtu anayo, harusi zote za Kilifi siku hizi ina yake. Naongelea ndege yenyewe, yenye mabawa na mkia na propela, unaishika kwa rimoti. Modeli ya ndege ya vita ya zamani, zile za miaka ya 1940. Hiyo ndo ndoto yangu tangu darasa la tano, wakati nilikuwa nachonga ndege kwa maboksi ya sabuni na kuziwekea magurudumu ya ndara zilizokatika. Wenzangu walichonga malori. Mimi ndege.

Mama alipojua kiasi cha pesa alinyamaza kwanza. Halafu akasema, "Elfu sitini na nane. Hao ni mbuzi saba. Sasa mbuzi saba watakuwa wanaruka juu huko?"

Mkicheka chekeni, lakini kwa mama haikuwa utani. Mnajua ule ukame. Kuanzia mwisho wa 2020 mpaka 2022 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo, Pembe ya Afrika nzima, na Ganze ilikuwa ndani ya habari kila wiki. Watu wa Nairobi walituona kwa TV tumekaa foleni ya chakula cha msaada. Sisi tulikuwa na mbuzi 19. Walibaki 3. Kwa hivyo mtoto wake akija na pesa ya mbuzi saba na anataka kununua kitu cha kurusha hewani dakika saba, ana haki ya kuuliza.

Lakini swali lililonisumbua zaidi halikutoka kwa mama. Lilitoka kwa babu.

Babu ni wa miaka ya 1940 mwishoni. Jicho moja halioni tena, la pili anaona kitu kikiwa karibu sana. Jioni moja nilikuwa nimekaa naye chini ya mwarobaini, nikamsogezea simu nimuonyeshe picha ya Spitfire. Nikamwambia, babu, hii ndo nataka. Akaishika simu karibu na pua, akaitazama weee, akarudisha. Akaniuliza:

"Hii ilileta nini?"

Nikajibu haraka haraka vile watu wa YouTube hujibu. Nikamwambia ilileta ushindi, ilipigana na Wajerumani 1940 juu ya anga ya Uingereza, ndo ndege maarufu kuliko zote. Akatikisa kichwa. "Ushindi wa nani nimesikia. Hapa kwetu ilileta nini?"

Nikakosa jibu. Na mimi mtu akinikosesha jibu, silali.

Basi nikaanza kutafuta, ndege moja baada ya nyingine. Nilikuwa na orodha ya nne. Wacha niwapitishe, manake nimejifunza vitu ambavyo hakuna duka litakuambia.

Ya kwanza, Spitfire. Uzuri wake siwezi kukataa. Iliruka mara ya kwanza Machi 1936, ikatengenezwa zaidi ya 20,000, na lile bawa lake la umbo la yai hakuna ndege nyingine unaweza kuchanganya nayo. Kuhusu Afrika, nilipata hii: wakati wa vita Waingereza waliweka bei ya mchango, pauni 5,000 unahesabiwa umenunua Spitfire moja, na watu wa makoloni wakachangishwa. Basutoland, ambayo leo ni Lesotho, walichanga za ndege 24, mpaka kikosi namba 72 cha jeshi la anga la Uingereza kikapewa jina lao. Fikiria. Watu wa milimani, wafugaji kama sisi, wanatoa pesa kununua ndege za kulinda London. Nilivyomsomea babu akasema, "Kwa hivyo hiyo haikuleta. Ilichukua." Sikuwa na la kuongeza.

Halafu kuna mambo ya kiufundi. Miguu ya Spitfire imekaribiana sana na inajikunja kwenda nje. Kwa modeli hilo ni balaa, inayumba ikigusa chini, inalala na bawa moja. Na yale mabawa yakikosa kasi, ncha moja inaacha kubeba kabla ya nyingine na ndege inajigeuza ghafla. Kwa lami unaweza kujitetea. Kwa uwanja wa Ganze wenye mawe, vishimo vya panya na miiba? Hapo unarudi nyumbani na mfuko wa vipande.

Ya pili, Hurricane. Hii angalau ilifika. Mwaka 1940 Italia ilipoingia vitani ilikuwa inashikilia Somalia na Ethiopia, kwa hivyo Kenya ikawa mpakani mwa vita. Jeshi la anga la Afrika Kusini likaleta ndege zake huku, Hurricane zikiwemo, na 1941 zikasonga pamoja na majeshi kuingia Somalia. Na wale mnaojua Malindi ya pizza na aiskrimu, jueni hii: tarehe 24 Oktoba 1940 ndege za Italia ziliangusha mabomu Malindi. Malindi hii hii. Mimi nimesoma Pwani kuanzia chekechea mpaka chuo na sikuwahi kuambiwa hiyo darasani hata siku moja.

Modeli ya Hurricane ni rahisi kidogo kuliko Spitfire, miguu yake imeachana vizuri. Babu aliisikiliza habari yake akasema mlinzi sio mbaya, lakini mlinzi hulinda mali ya aliyemwajiri. Nikaiweka namba mbili.

Ya tatu ndo iliniuma. Harvard.

Kama unafuatilia hizi modeli unaijua. Ndege ya mafunzo, ya Marekani, zilitengenezwa zaidi ya 15,000, marubani wa vita vya pili wengi sana walijifunzia hiyo. Rangi ya njano, pua fupi nene, kioo kirefu juu cha watu wawili. Mimi nilikuwa nimeipenda vibaya. Nilikuwa na picha yake kwa simu kama skrini ya nyuma. Bei pia ilikuwa nafuu kuliko zingine.

Siku moja nimekaa na rafiki yangu tuliyesoma naye chuo, kwao ni Nyeri. Simu ikawaka, akaiona ile picha. Akaniuliza, "Hii si ndo ile ya Mweiga?" Nikamwambia sijui Mweiga ni nini. Akanitazama vile mtu hukutazama ukiwa umesema kitu kibaya bila kujua.

Nikaenda kusoma. Hali ya hatari ilitangazwa Kenya tarehe 20 Oktoba 1952. Mwaka uliofuata Waingereza wakaleta kikosi kidogo cha Harvard, kile kilichoitwa Flight 1340, kikawa kinarukia Mweiga, karibu na Nyeri. Ndege ya mafunzo ile ile ya njano niliyoipenda, wakaifunga bunduki na mabomu madogo ya ratili 20, kama kilo 9 kila moja, ikawa inapiga msitu wa Nyandarua na Mlima Kenya wakitafuta Mau Mau. Mwishoni mwa 1953 wakaongeza Lincoln, hizo ni kubwa za injini nne, zinabeba mabomu ya ratili 500 na 1,000. Yote hayo kwa msitu. Mle ndani kulikuwa na wapiganaji, na wanyama, na mtu yeyote aliyekutwa kwa eneo lililokatazwa alihesabiwa adui.

Rafiki yangu aliniambia nyanya yake mpaka alipofariki hakupenda sauti ya ndege ndogo. Ile ya watalii tu ikipita, alikuwa anaingia ndani.

Sasa niambieni. Mimi mtoto wa Ganze, nitasimama uwanjani na rimoti, nirushe Harvard, watoto washangilie, niweke video na muziki juu? Ninajua kuna watu watasema ah, ndege ni chuma tu, historia imeisha, acha kujiumiza. Na wako sawa kiasi. Modeli ya Harvard haijaua mtu. Mzungu mzee wa Uingereza anayeirusha Jumapili pengine babake alijifunzia hiyo na anamkumbuka. Sina ugomvi naye. Lakini yeye alikuwa upande wa juu, ndani ya kioo. Watu wetu walikuwa upande wa chini. Ukichagua modeli unachagua pia unaitazama kutoka wapi, na mimi sikuwa nimefikiria hilo hata sekunde moja. Nilikuwa nafikiria rangi ya njano.

Nikabadilisha skrini ya simu usiku huo huo.

Ya nne ilikuwa Dakota, na nitasema ukweli, niliiweka kwa orodha ili tu iwe nne. Dakota haina sura ya vita. Ni ndege ya mizigo, tumbo nene, injini mbili, haina bunduki. Ni ile ile DC-3 ya abiria iliyoruka mara ya kwanza Desemba 1935, jeshi la Marekani likaichukua likaiita C-47, Waingereza wakaiita Dakota. Zilijengwa zaidi ya 10,000. Ukiwa unataka video ya kuwaka moto, Dakota sio yako.

Nilimwonyesha babu bila matumaini. Akaisogeza karibu na jicho. Halafu akafanya kitu ambacho hakufanya kwa zile tatu. Alicheka.

"Hii naijua," akasema. "Hii ilileta mchele."

Ilikuwa hivi. Baba yake babu alikuwa Keya. Wale wadogo wenzangu msiojua, Keya ni lile jeshi la wakoloni la Afrika Mashariki, King's African Rifles. Mimi nilijua kwamba alikuwa Keya kwa sababu kuna koti kuukuu lilikuwa nyumbani mpaka mchwa wakalimaliza. Nilichokuwa sijui ni kwamba alipelekwa Bama, yaani Burma. Mwaka 1944 divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, alama yao ilikuwa kichwa cha kifaru, iliwafukuza Wajapani kupitia bonde la Kabaw wakati wa masika ya kule. Mvua haikatiki, malaria, matope ya kumeza gari. Barabara hakuna. Chakula kilitoka wapi? Juu. Dakota zilikuja chini chini kati ya milima, mlango umefunguliwa, zikaangusha mizigo. Desemba ya mwaka huo wakafika mto Chindwin, pale Kalewa, wakavuka.

Babu alisimulia vile alivyosimuliwa. Risasi na vitu vya kuvunjika vilikuja na miavuli. Mchele mara nyingi uliangushwa hivi hivi, gunia ndani ya gunia ili la ndani likipasuka la nje lishike. "Baba alisema ukisikia hiyo ndege unafurahi na unakimbia. Gunia likikupata kichwani umekufa, na umeuliwa na chakula chako mwenyewe." Akacheka tena. Halafu akanyamaza kidogo, akasema, "Alirudi na malaria na koti."

Sasa msinielewe vibaya. Sisemi Dakota ni malaika. Miaka ya 1960 Wamarekani waliifunga bunduki ubavuni wakapigia watu Vietnam. Na hata huko Bama, ilikuwa inalisha jeshi la mkoloni. Mwaka 1914 Waingereza hao hao walikuja huku kwetu, Wagiriama walipokataa kutoa vijana wa kazi na Mekatilili ameshawaamsha, wakachoma nyumba za watu na kulipua Kaya Fungo. Miaka 30 baadaye, mtoto wa watu hao yuko msituni Asia anapigania mfalme wao. Hilo sijalimaliza kichwani mpaka leo. Nilimuuliza babu kama baba yake alikwenda kwa hiari. Akasema, "Kulikuwa na njaa." Basi.

Kwa hivyo sikupata ndege safi. Hakuna ndege ya vita iliyo safi. Nilichopata ni moja ambayo mtu wa nyumbani kwetu alisimama chini yake, akainua macho, akafurahi. Nikaona hiyo inanitosha.

Hapo sasa ikaja hesabu. Modeli mpya ya Dakota, ya ile povu gumu kama la boksi la TV, mabawa mita moja na nusu, ukiongeza rimoti, betri, chaja, usafiri na ushuru, ingemeza 68,000 zote na bado ningekopa. Na mama yuko pale pale na mbuzi wake watatu.

Nikakaa sokoni mtandaoni wiki tano. Nikampata mzee mmoja Nairobi anayehama nchi, anauza ya kwake iliyotumika. Bawa la kulia lina ufa, mlango umetoka, lakini mota mbili ziko sawa, na anatoa na rimoti na betri mbili. Tukavutana kwa simu mpaka 31,000. Ikaja na basi hadi Kilifi ndani ya boksi refu kama jeneza la mtoto, mwenye boda akakataa kuibeba mpaka nikamfungulia aone.

Pesa iliyobaki ilikuwa 37,000. Jumanne, siku mbili baadaye, nikaenda na mama sokoni Bamba tukanunua mbuzi watatu, 9,500 kila mmoja. Mama alichagua, mimi nilishika kamba. Hakusema asante na mimi sikutaka aseme. Njiani alisema tu, "Yule mweusi ana mimba." Kwa mama hiyo ni hotuba.

Zile 8,500 za mwisho zikaenda kwa gundi, chaja nzuri, propela za akiba na rangi.

Kwa wanaotaka kufuata njia hii, hapa kuna mambo manne ya kweli. Moja, msianze na ndege ya vita. Mimi nilijifunza kwanza kwa programu ya kompyuta wiki sita, kila usiku, na niliangusha ndege za kompyuta mpaka nikazoea. Ukitaka kuanza na ndege yenyewe, tafuta ya bawa la juu, inajisawazisha yenyewe. Mbili, betri za lithiamu sio mchezo. Mimi nachaji Kilifi, juu ya sakafu ya simenti, na sitoki chumbani. Nyumbani paa ni makuti, mnaelewa. Tatu, kuna sheria. Kenya ina kanuni za 2020 za vyombo visivyo na rubani, msimamizi ni KCAA, na kikomo cha kawaida ni futi 400 kwenda juu na ukae mbali na viwanja vya ndege. Waulizeni kabla hamjanunua, sio baada. Nne, ruka asubuhi. Ganze saa kumi na mbili na nusu hakuna upepo. Ikifika saa nne vumbi linajizungusha lenyewe.

Rangi ndo kazi niliyoipenda. Ilikuwa imekuja na mistari myeupe na meusi kwa mabawa, ile ya ndege zilizovamia Ufaransa Juni 1944. Nzuri kwa picha, lakini baba yake babu hakuwa Ufaransa. Nikaikwangua yote. Ndege za Waingereza za upande wa Bama alama yao ilikuwa tofauti, duara la buluu mbili bila nyekundu katikati, kwa sababu alama ya Wajapani ilikuwa duara jekundu na hawakutaka watu wao wapigane risasi kwa makosa. Nikazichora hizo, nne. Halafu karibu na mlango, padogo tu, nikachora kichwa cha kifaru. Hicho hakikuwa kwa ndege, nakiri. Kilikuwa begani kwa wale waliokuwa chini.

Siku ya kwanza ilikuwa Jumapili ya Februari, uwanja wa mpira wa shule ya msingi. Nilichora mstari wa majivu nikawaambia watoto asiyevuka ataona ndege, atakayevuka tunarudi nyumbani. Hakuna aliyevuka. Babu aliletwa na kiti chake.

Dakota ya mabawa mita 29 ukiipunguza mara ishirini inabaki kitu unachobeba kwapani, lakini ikiwa juu, wadau, hakuna anayekumbuka hilo. Ilikimbia kwa vumbi, mkia ukainuka, ikaondoka chini kama inafikiria kwanza. Nikaizungusha juu ya mihogo ya watu. Mikono inatetemeka mpaka nikaifunga viwiko mbavuni. Watoto kelele. Kuna mmoja alijaribu kuniomba niangushe pipi, na nilikuwa nimelifikiria hilo, nikaona hapana. Pipi ikianguka watoto watakimbilia chini ya ndege, na ile hadithi ya gunia sijaisahau.

Dakika ya sita nikaileta chini. Magurudumu yakagusa vizuri, ikakimbia, ikakuta kishimo, ikapiga pua. Propela moja ikaruka. Watoto wakapiga makofi kana kwamba hiyo ilikuwa sehemu ya mchezo.

Nikaiokota nikampelekea babu. Kuiona juu hakuweza, alikuwa ameisikia tu. Akaipapasa tumbo, mabawa, ule mlango. Nikamuuliza imelia vipi. Akasema, "Kama cherehani mbili."

Halafu akauliza lile lile swali lake. "Sasa hii yako imeleta nini?"

Nilitaka kumwambia imeleta watoto arobaini uwanjani, imeleta hadithi ya baba yako ambayo hakuna mtu nyumbani alikuwa amewahi kuniambia. Maneno hayakutoka. Nikamwambia, "Bado, babu."

Wiki iliyofuata nilipotoka Kilifi nilipitia dukani Ganze nikanunua pakiti mbili za mchele. Nilipofika nikaiweka ndege mezani mbele yake, mlango wazi, na zile pakiti mbili chini ya mlango. Nikachukua mkono wake nikauweka juu.

Alicheka mpaka akakohoa, mama akaja mbio kuuliza kuna nini.

Huo mchele tuliupika usiku huo. Propela bado natafuta.